Jinsi ya Kufuatilia Nasaba ya Kiingereza kwa Msaada wa Watafiti Wenzako wa Ridhaa

Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kujua asili ya babu yake Mwingereza, awe alikuja kama mmisionari, mlowezi, mhandisi wa reli au karani wa serikali ya kikoloni, ana bahati mbili. Nchi aliyotoka babu huyo imetunza kumbukumbu za watu wa kawaida kwa karne nyingi, na ina watafiti wengi wa ridhaa ambao wako tayari kumsaidia mtu wasiyemjua bila kudai malipo. Hata hivyo, msaada huo humfikia vizuri anayejua kuuliza. Anayeandika kwamba anatafuta habari zozote za ukoo wa Smith wa London hapati jibu, wala si kwa sababu ya roho mbaya ya wasomaji wake, bali kwa sababu swali lake halina pa kushikia.

Kwa hiyo utafiti huanzia nyumbani. Waulize wazee, andika walichosema pamoja na jina la aliyesema, kisha kagua vyeti, pasipoti za zamani, Biblia ya familia na migongo ya picha. Rudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Unachohitaji zaidi ya jina ni mahali, kwa kuwa kumbukumbu za Uingereza zimepangwa kwa wilaya za usajili na kwa parokia, na mtu asiye na mahali hatafutiki. Ikiwa unajua tu kwamba babu alishukia Mombasa, tazama orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya kati ya 1890 na 1960, ambazo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Orodha hizo huonyesha umri na kazi, na zile za miaka ya baadaye hutaja hata anwani ya mwisho ya abiria. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya nalo lilichapisha matangazo ya mirathi, na tangazo moja laweza kukupa jina kamili na tarehe ya kifo.

Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Uskoti ulianza mwaka 1855 na una ofisi yake, hivyo usiulizie huko mambo ya Manchester. Faharasa za usajili zilipangwa kwa robo mwaka kufuata tarehe ya kuandikishwa, na kwa kuwa wazazi walipewa siku 42 za kumwandikisha mtoto, aliyezaliwa Desemba huonekana mara nyingi katika robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. Hapa utakutana kwa mara ya kwanza na jasho la watafiti wa ridhaa: mradi wa FreeBMD, ulioanza mwaka 1998, ni kazi ya watu wa kujitolea walionakili faharasa hizo mstari kwa mstari, nawe unazitafuta bure. Zitumie pamoja na faharasa mpya ya Ofisi Kuu ya Usajili, inayoonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, jambo ambalo faharasa za zamani hazikulionyesha hadi robo ya Septemba 1911. Kwa msaada wa jina hilo unaweza kuwatenganisha watoto wa akina Brown wawili wa mji mmoja kabla hujanunua cheti hata kimoja.

Cheti cha ndoa ndicho chenye thamani kubwa zaidi, kwa maana hutaja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi. Majina ya mama hayakuwamo hadi Mei 2021, na ukikuta neno linalosema mhusika ametimia umri, elewa tu kwamba alikuwa na miaka 21 au zaidi.

Sensa zenye majina ya watu zinaanza 1841 na kurudiwa kila baada ya miaka kumi. Ile ya 1841 ina mtego wake: umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi kigawe cha tano, kwa hiyo mwanamume aliyeandikwa ana miaka 30 huenda alikuwa na 34. Tangu 1851 utapata uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya pamoja na parokia aliyozaliwa, na hapo ndipo njia ya kurudi nyuma hufunguka. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na rejista ya taifa ya tarehe 29 Septemba 1939.

Kabla ya 1837 unaingia katika vitabu vya kanisa, na hapa ndipo mtafiti wa mbali humhitaji kweli mwenyeji. Amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, ya mwaka 1538 ilizitaka parokia ziandike ubatizo, ndoa na mazishi, lakini vitabu vingi vya mwanzo vimepotea, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1660 ina mapengo makubwa. Tangu 1598 nakala zilipelekwa kwa askofu kila mwaka, na mara nyingi nakala hiyo ndiyo iliyosalia. Kumbuka pia kwamba kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu yao, kwetu ni wa Februari 1721.

Mkazi wa kaunti husika anajua mambo ambayo hayamo katika faharasa yoyote: kwamba watu wa kijiji fulani walioana ng'ambo ya mto kwa kuwa kanisa la huko lilikuwa karibu zaidi, au kwamba nusu ya kijiji walikuwa Wamethodisti na hawapatikani katika vitabu vya Kianglikana. Cornwall ndiko kulikoanzia desturi ya makarani wa parokia wa kujitolea, ambapo mtu huchukua parokia moja, hunakili kumbukumbu zake na hujibu maswali kuihusu. Kaunti nyingine kadhaa zimeiga. Mwenyeji wa namna hii ndiye pia atakayekuelekeza kwenye karatasi za maskini katika hifadhi ya kaunti. Chini ya sheria ya 1662, mtu aliyehitaji msaada aliweza kurudishwa katika parokia iliyomwajibikia, naye alihojiwa mbele ya mahakimu kuhusu alikozaliwa, alikofanya kazi na alikopanga nyumba. Tajiri aliacha wasia. Kibarua aliacha mahojiano, na kwangu mimi mahojiano yana utamu zaidi.

Swali zuri lina jina, makadirio ya tarehe, mahali, na yale uliyokwisha kuyatafuta. Andika kwa Kiingereza chepesi, kwa mfano, kwamba unamtafuta mwashi aliyezaliwa Norfolk karibu na 1832, ambaye sensa ya 1861 inamwonyesha Norwich akiwa na mke na watoto watatu. Kwamba umepitia faharasa za ndoa za 1850 hadi 1861 bila mafanikio. Na kwamba ungependa kujua kama kuna vitabu vya makanisa yasiyo ya Kianglikana ambavyo havijanakiliwa. Uliza jambo moja kwa wakati. Ukihitaji msaada wa kusoma mwandiko wa zamani, tuma ukurasa mzima, si neno lililokatwa, kwa kuwa msomaji huhitaji kulinganisha umbo la herufi na maneno mengine ya karani yuleyule. Usitaje habari za watu walio hai.

Mbali na mtu mmoja mmoja, karibu kila kaunti ina chama cha historia ya familia, na vingi vimenakili maandishi ya makaburi. Kwa jina la ukoo lisilo la kawaida, jaribu Guild of One-Name Studies, iliyoanzishwa 1979, ambayo wanachama wake hukusanya kila anayebeba jina moja, popote alipo.

Jibu likija, shukuru, kisha ulihakiki. Omba chanzo cha kila tarehe na ujitahidi kuona picha ya ukurasa wenyewe. Miti mingi ya ukoo iliyokamilika mno imenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mwingine, na kosa linalojirudia kuliko yote ni kumchagua mtoto kwa sababu jina na mwaka vimelingana. Tafuta mazishi yake kwanza, maana wengi walikufa wachanga na wazazi wakampa jina lilelile mtoto aliyefuata. Tafuta pia binamu wenye jina moja katika parokia jirani. Ikiwa wawili wanafaa sawasawa, andika wote wawili na uache mstari wazi hadi ushahidi upatikane.

Nawe una cha kurudisha. Wapo Waingereza wengi ambao jamaa zao walizikwa Nairobi, Mombasa, Tanga au Unguja, na ambao hawana namna ya kufika huko. Makaburi ya wanajeshi yameorodheshwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ya raia mara nyingi hayajaorodheshwa. Omba ruhusa kwa msimamizi wa makaburi, piga picha ya jiwe zima na nyingine ya maandishi asubuhi au jioni, jua likiwa upande ili herufi zilizofifia zisomeke, kisha nakili maneno kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na uandike kaburi liko safu ya ngapi.