Anza na birika: jinsi ya kuchora vitu vya nyumbani Lamu ukiwaibia ujanja wasanii wa Uingereza

Wengi tukianza kuchora hapa Lamu tunakimbilia jahazi, punda na mlango wa nakshi, sisemi ni vibaya, watalii wananunua hizo, ila ukitaka mkono ukomae kaa ndani uchore birika. Birika, ndimu mbili, kikaango cheusi cha jikoni. Basi.

Waingereza wenyewe hii kazi waliidharau miaka mingi. Royal Academy, chama na shule ya wasanii, ilianzishwa London 1768 na rais wake wa kwanza, Joshua Reynolds, alikuwa anafundisha kwamba picha kubwa ni za historia na mashujaa, hizi za vitu vya mezani ziko chini huko, kazi ya kunakili tu. Afu 1910 Roger Fry, mhakiki wa sanaa, akapeleka London maonyesho yenye kazi za kina Cézanne, yule Mfaransa wa kuchora matufaha, watu wakacheka, wengine wakakasirika kabisa, lakini wasanii vijana wakashika jambo moja: tufaha halina cheo wala hadithi, hakuna atakayekulalamikia ati hujamfananisha, kwa hivo unaweza kuhangaika na umbo na rangi unavyotaka. Hapo ndo vitu vya nyumbani vikageuka uwanja wa kujaribia kila jambo jipya, na ukielewa hivo utajua kwa nini nakuambia ufanye haya yafuatayo.

Kwanza kaa chini, yani chini mkekani. 1914 wachoraji Vanessa Bell na mwenzake Duncan Grant walichora rafu moja ya juu ya meko, nyumba moja hapo London, kila mtu na picha yake, na Bell akaitazama kutoka chini kwenda juu, vitu vidogo vikasimama kama minara. Wewe unazo zidaka ukutani, za kwenu au za nyumba ya jirani, zile za chokaa zenye mabakuli ya zamani. Usizichore ukiwa umesimama mbele yake kama mtu anapiga picha ya kitambulisho. Kaa mkekani, inua kichwa, chora unachoona hata kama bakuli limefichwa nusu na ukingo wa kidaka, acha hivohivo lifichwe.

Mwanga usikusumbue sana, nyumba za mawe zinakusaidia. Msana, kile chumba kinachotazama ua, unapata mwanga kutoka kiwandani, yani ua wa ndani, unaingia upande mmoja, kivuli kinatoka wazi. Zima taa ya umeme tu. Ukishindwa kujua wapi peusi wapi peupe piga picha na simu, iondoe rangi, utaona mara moja.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: wanajaza meza. Sinia, maua, kawa, matunda ya msimu mzima, utadhani kuna harusi. Mtazame William Scott, alizaliwa Scotland 1913 akakulia Ireland ya Kaskazini, huyu alichora vikaango, sufuria, mayai na samaki miaka na miaka, meza tupu, vitu vichache, na ukikaa na picha zake unagundua kwamba alikuwa anachora ile nafasi iliyo katikati ya vitu sawa na vitu vyenyewe. Fanya hivi: weka kikaango (sufuria zetu hazina mkono, na mkono ndo unaotakiwa hapa, unakata meza vizuri), weka ndimu mbili mbali kidogo, afu chora kwanza pale pasipo na kitu, umbo la meza baina ya mkono wa kikaango na ndimu. Ukimaliza pale patupu, vitu vimeshajichora vyenyewe. Sogeza ndimu moja kidogo, chora tena. Mi naona hili zoezi peke yake linashinda kozi nzima ya kununua.

Ukichoka na ukuta nenda dirishani. Mchoraji Ben Nicholson, babake, William, alikuwa fundi wa kuchora mng'aro wa fedha na udongo wa kuchomwa, kwa hivo kijana alikua na majagi na mabakuli machoni. Yeye hakufuata ule mng'aro, akayapunguza majagi mpaka yakabaki mistari na maduara, na katikati ya miaka ya 1930 akafika kwenye ubao mweupe mtupu uliochongwa duara na mraba. Lakini wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa Cornwall karibu na bahari, na picha yake moja ya 1943 hadi 1945 ina vikombe mbele ya dirisha, nyuma bandari ya St Ives, na kibendera cha Uingereza kwa furaha ya vita kuisha Ulaya. Jambo kubwa la dunia limeingia kwa kupitia vikombe! Sisi tuna madirisha na mashua. Weka kikombe chako cha kahawa, bahari iache nyuma, usiipe zaidi ya robo ya karatasi.

Rangi ghali huna haja nazo. Patrick Caulfield, mchoraji mwingine wa Uingereza, alitumia rangi ya kawaida ya nyumba zamani zake za mwanzo, mstari mweusi mnene na ndani rangi moja bapa, hakuna kivuli. Rangi iliyobaki dukani kwa fundi inatosha.

Mwisho nenda kwa msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar 1954, kapelekwa Uingereza akiwa mchanga, 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa huko. 2007 alichukua vyombo 100 vya mitumba, sahani na majagi na mabakuli ya supu, akachora juu yake watumwa na matajiri wa Lancaster, mji uliokuwa na bandari ya biashara hiyo. Yani hakuchora sahani, alichora kwenye sahani. Ukitaka kujaribu, kabla ya brashi muulize nyanya ile bakuli ya kidakani imetoka wapi, nani aliileta na kwa chombo gani cha bahari, na hilo jibu ndo uchore. Lakini chora kwenye sahani ya sokoni, ile yake usiiguse, na ukishaipaka rangi usiirudishe jikoni kuliwa wali.