Mita ya spidi, ya mshale au ya namba: ipime kwanza kabla hujanunua nyingine

Mteja akiniambia mita yake ya spidi inadanganya, naanza kwa kumuuliza tairi alizofunga ni za saizi gani. Wengi hushangaa. Wamekuja wakiwa na uamuzi tayari: "Fundi, nitolee hii ya mshale, niwekee ya dijitali, ile haidanganyi." Nimefanya umeme wa magari miaka mingi hapa Dar es Salaam, na pesa nyingi nimeziona zikipotea kwenye sentensi hiyo moja. Mwongozo huu ni wa mwenye gari na wa fundi kijana. Ufuate kwa mpangilio, kwa sababu ukiruka hatua utanunua kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Hatua ya 1: Jua mita yako ni ya aina gani

Ziko tatu, na uso wake peke yake haukwambii yote.

Ya kwanza ni mshale unaoendeshwa na kebo, kama ilivyo kwenye Hilux na Corolla za zamani. Kebo inatoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya mita na kuzungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo imekaa karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Inapozunguka, inazalisha umeme ndani ya alumini, na umeme huo unakivuta kikombe kifuate sumaku. Springi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke moja kwa moja, na mshale umefungwa hapo. Ubunifu huu ulipewa hataza Ujerumani mwaka 1902, wa Otto Schulze wa Strasbourg, na mpaka leo gari la namna hiyo likija gereji ukilifungua utakuta mpangilio ule ule.

Ya pili ina mshale pia, ila haina kebo. Sensa kwenye giaboksi, au sensa za ABS (breki zisizofunga gurudumu) kwenye magurudumu, inatuma mapigo ya umeme. Mita inayahesabu, halafu inageuza mshale kwa umeme.

Ya tatu ni ya namba, kama ile ya katikati ya dashibodi kwenye Toyota Vitz ya 1999 au Funcargo. Nayo inahesabu mapigo hayo hayo.

Shika hapo. Ya pili na ya tatu zinakula chungu kimoja. Sensa ikipeleka hesabu mbovu, mshale utadanganya na namba itadanganya kiasi kile kile. Namba 83 inaonekana ya uhakika kwa sababu tu imeandikwa wazi.

Hatua ya 2: Soma tairi

Gari halijui linakwenda kasi gani. Linajua gurudumu limezunguka mara ngapi. Kiwandani walikadiria kila mzunguko mmoja ni umbali fulani, na ukibadilisha tairi umebadilisha hesabu hiyo.

Tuseme gari lilitoka na 175/65R14, nawe umefunga 185/65R15 ili liinuke kidogo kwenye mashimo. Piga hesabu hivi. Upana mara asilimia ya ukuta wa tairi: 175 × 0.65 ni milimita 113.75. Zidisha mara mbili, maana kuna ukuta juu na chini: 227.5. Ongeza rimu, inchi 14 × 25.4, ambayo ni 355.6. Jumla kipenyo ni milimita 583.1. Ile mpya kwa njia hiyo hiyo inatoka 621.5. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.066.

Maana yake, kama mita ilikuwa sahihi, ikionyesha 80 sasa unakwenda 85. Ikionyesha 50 pale kwenye kibao cha kijijini, unakwenda 53. Ukipigwa tochi hapo hutakuwa na la kumjibu askari, na mita itakuwa haina kosa.

Tairi iliyokwisha nayo inapunguza kipenyo. Ikipoteza milimita 6 za kashata, yaani meno ya tairi, kipenyo kimepungua 12, na mita inaanza kuonyesha zaidi ya ukweli kwa takriban asilimia 2. Jaza upepo unaotakiwa kabla ya kupima.

Hatua ya 3: Pima barabarani

Tafuta kipande kilichonyooka, tambarare, chenye magari machache. Nendeni wawili. Mmoja aendeshe na kutazama barabara, mwingine ashike simu yenye programu ya kuonyesha kasi kwa GPS. Usifanye peke yako.

Shikilia 40 kwenye mita kwa sekunde kumi au zaidi, msaidizi aandike simu inavyosema. Rudia kwa 60, kisha 80 kama sheria ya barabara hiyo inaruhusu. Simu inachelewa kidogo, kwa hiyo namba za wakati unakanyaga mafuta au unapunguza mwendo usiziandike.

Kama hamna simu nzuri, tumieni mawe ya kilomita ya barabara kuu na saa. Kilomita moja kwa sekunde 60 ni kasi ya 60. Kwa sekunde 45 ni 80. Kwa 40 ni 90.

Sasa kipi ni kosa na kipi si kosa? Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inataka mita isionyeshe kamwe chini ya kasi halisi. Juu inaruhusiwa kuzidi hadi asilimia 10 ya kasi halisi na kilomita 4 za nyongeza. Kwa hiyo ukiwa kwenye 80 halisi, mita inaweza kusoma hadi 92 na bado ikawa ndani ya kanuni. Watengenezaji huielekeza juu kwa makusudi. Simu ikikuambia 76 huku mita inasema 80, usiende kwa fundi.

Kwa magari yaliyotumika Japani, na ndiyo mengi kwetu, ongeza jambo moja. Kwenye ukaguzi wa kule, mita ikisoma 40 kasi halisi inatakiwa iwe kati ya 30.9 na 42.5 kwa magari ya kuanzia 2007. Ya kabla ya hapo yaliruhusiwa hadi 44.4. Yaani gari la zamani linaweza kuwa lilipita ukaguzi likiwa linasoma chini kidogo ya ukweli. Lifungie tairi kubwa juu yake, makosa mawili yanajumlishana.

Hatua ya 4: Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Hapa ndipo pana kazi.

Mshale wa kebo ukitikisika kama unatetemeka baridi, hasa mwendo mdogo, karibu kila mara kebo imekauka au imekunjwa mahali. Ichomoe nyuma ya mita, vuta waya wa ndani, ufute, uviringishe kwenye sakafu safi. Ukirukaruka badala ya kuviringika laini, umepinda, badilisha. Ukiwa mzima, paka grisi nyepesi kidogo, lakini robo ya juu inayokwenda kwenye mita uiache kavu. Grisi hupanda na kuingia kwenye kile kikombe cha alumini, na hapo umeua mita kwa mkono wako.

Mshale umelala kabisa? Chomoa kebo upande wa mita, mwenzako asukume gari taratibu. Waya wa ndani ukizunguka, ubovu uko kwenye mita. Usipozunguka, umekatika au gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi imelika. Kwa kiwango cha Japani, kebo inazunguka mara 637 kwa kilomita, kwa hiyo mizunguko 637 kwa dakika lazima ilete mshale kwenye 60. Mwenye drili ya kupunguza kasi anaweza kuipima mita mezani, ilimradi aizungushe upande unaotakiwa.

Kwa mita za umeme, anza na fyuzi, soketi na waya wa hasi. Halafu nenda kwenye sensa. Ile ya nyaya tatu ina umeme, hasi na waya wa mapigo. Washa swichi bila kuwasha injini, weka testa kwenye waya wa mapigo, inua gurudumu linaloendesha kwa jeki, weka stendi na kabari, kisha lizungushe polepole kwa mkono. Volti lazima ipande na kushuka. Sensa nyingi za Toyota hutoa mapigo manne kwa mzunguko, na 637 mara 4 ni mapigo 2,548 kwa kilomita.

Mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari inasaidia, lakini ina mtego. Kosa la P0500 linasema kompyuta haipati taarifa ya kasi, na vijana wengi hukimbilia kununua sensa. Kwenye Toyota nyingi za wakati wa Vitz ile ya 1999, mapigo yanapita kwanza kwenye mita ndipo yaende kwenye kompyuta. Mita ikifa, kompyuta nayo inaona sifuri huku sensa ni nzima. Pima waya wenyewe ndipo uhukumu.

Dada mmoja aliniletea Vitz ambayo namba zilikuwa zinafifia, zinapotea, zinarudi akigonga dashibodi. Gereji nyingine ilikuwa imeshamuuzia mita ya mtumba, ikafa baada ya miezi michache kwa ugonjwa ule ule. Tulichomoa hasi ya betri, tukasubiri zaidi ya sekunde 90 ili eabegi isije ikalipuka, tukaifungua ile ya kwanza. Lehemu kwenye miguu ya soketi ilikuwa na nyufa za duara, nyembamba, huwezi kuziona bila kioo cha kukuzia. Tulipiga lehemu upya, ikawaka. "Kwa hiyo, fundi, ile pesa nilitoa bure?" aliniuliza. Sikuwa na namna nyingine ya kumjibu zaidi ya ndiyo, na iliniuma.

Kugonga dashibodi ni dalili nzuri. Namba zikirudi kwa kugonga, tafuta lehemu au soketi kwanza.

Hatua ya 5: Ukilazimika kuchagua

Mimi kwa safari ndefu za usiku napenda mshale. Jicho linaona umeinama wapi bila kusoma, na unaona kasi inavyopanda. Mjini, kwenye vibao vya 50, namba inashinda. Kwenye mita inayofika 180, tofauti ya 50 na 56 ni mshale kusogea kidogo tu. Na mita ikiwa katikati ya dashibodi, dereva anautazama mshale kwa pembeni na anausoma umesogea. Namba haina tatizo hilo.

Ukibadilisha mita nzima, ya mtumba inakuja na kilomita za gari lingine. Kabla hujachomoa ya zamani, ipige picha ikionyesha kilomita, andika tarehe na kilomita za zote mbili, bandika karatasi ndani ya mlango na nyingine weka na kadi ya gari. Atakayelinunua aoneshwe. Anayekuomba "uzirudishe nyuma kidogo" anataka umsaidie kumwibia mtu mwingine, mkatalie. Ukishafunga mita, rudi Hatua ya 3, pima tena 40, 60 na 80, na majibu uyaandike kwenye karatasi ile ile.