Gesi ya AC haiishi: kutunza mfumo wa baridi na joto ukiishi ughaibuni kwenye joto kali

Kwenye nchi ambazo kiangazi hupanda hadi nyuzi 40 na kuendelea, AC huwashwa msimu unapoanza na haipumziki mpaka umalizike. Nyumba nyingi za huko hazina AC ya chumba kimoja kimoja, bali mfumo mmoja wa nyumba nzima, uliofichwa darini au kabatini, ambao miezi ya baridi hugeuka kuwa wa kupasha joto. Aliyekulia kwenye feni na madirisha wazi hukabidhiwa funguo za nyumba bila kuonyeshwa mashine hiyo inataka nini. Siku inapopuliza hewa ya vuguvugu, humwita fundi na kuambiwa gesi imeisha.

Gesi hiyo ya kupooza haitumiki kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto kutoka koili ya ndani (mabomba yaliyokunjwakunjwa yenye vibati vyembamba) na kulitua kwenye koili ya nje, basi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara. Kazi kamili ni kutafuta mvujo, kuuziba, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, halafu kujaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Na kabla ya kufika huko, yapo mambo ya kukagua yasiyohitaji fundi, kwa sababu kasoro nyingi za msimu wa joto hutokana na hewa isiyopita au maji yasiyotoka.

Anza na filta. Iko nyuma ya dirisha kubwa la kuvuta hewa, ukutani au kwenye dari, au imechomekwa kando ya mashine yenyewe. Ubavuni huandikwa vipimo kama 16x25x1, vyote inchi. Ukiipima kwa rula utakuta imepungua kidogo, hilo ni la kawaida. Nunua kwa namba iliyoandikwa. Kama maandishi yamefutika, pima nafasi inapokaa. Mshale uliochorwa ubavuni uelekee mashine, kule hewa inakovutwa. Filta ya inchi 1 ikaguliwe kila baada ya siku 30, na msimu wa joto haistahili kuvuka siku 60. Penye vumbi, paka au mbwa, badilisha kila mwezi. Zile nene za inchi 4 hukaa kati ya miezi 6 na 12.

Dukani utaona pia namba ya MERV, kipimo cha uwezo wa kunasa chembe. Kwa nyumba nyingi MERV 8 inatosha, na mwenye aleji achukue 11. Watu hupenda kununua 13 wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini filta nyembamba ya MERV 13 huweza kuikaba mashine ambayo haikutengenezewa ukinzani huo. Na usiendeshe bila filta hata kwa siku mbili tatu: koili ya ndani ina majimaji muda wote, vumbi likiigusa linaganda, na kulitoa ni kazi ya kufungua mashine.

Hewa ikiwa haba, koili ya ndani hupoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake na kuwa barafu. Barafu inaziba hewa iliyobaki, kwa hiyo inazaa barafu zaidi, na gesi inarudi kwenye kompresa, pampu inayoisukuma, ikiwa bado kimiminika, jambo linaloua kompresa. Ukiona bomba lililovikwa sponji nyeusi limepata barafu, zima baridi kwenye thamostati, kile kidude cha kupangia nyuzi, weka feni kwenye ON, badilisha filta, tandika taulo chini na usubiri. Kuyeyuka kunaweza kuchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Usikwangue kwa kisu, koili ni laini na tundu moja linamwaga gesi yote. Barafu ikirudi ilhali filta ni mpya na matundu yote ya hewa yako wazi, hapo ndipo penye uwezekano wa mvujo, au feni ya ndani imechoka.

Matundu yawe wazi kweli. Kufunga ya vyumba visivyotumika hakupunguzi bili kama watu wanavyodhani, kwa sababu feni inasukuma dhidi ya njia zilizozibwa na koili inakosa hewa ileile.

Kuna kipimo ambacho kila mwenye nyumba anaweza kukifanya kwa kipimajoto cha jikoni. Acha AC ifanye kazi dakika 15. Pima hewa inayoingia kwenye lile dirisha la kuvuta hewa, kisha inayotoka kwenye tundu lililo karibu na mashine. Tofauti iwe takriban nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi. Ikizidi 12, hewa inayopita ni kidogo, rudi kwenye filta. Ikiwa chini ya 8, shuku koili ya nje iliyochafuka, gesi iliyopungua, au dakti, yaani njia ya kusambazia hewa, inayovuta hewa ya moto kutoka darini. Unyevu ukiwa mwingi sana ndani, tofauti hushuka kidogo bila mashine kuwa na ubovu. Andika namba hiyo mwanzo wa msimu wakati kila kitu kiko sawa, ndiyo utakayolinganisha baadaye.

Upande wa maji

Penye unyevu mwingi mfumo wa nyumba nzima unaweza kutoa lita 20 na zaidi za maji kwa siku. Yanadondokea kwenye sinia chini ya koili na kutoka kwa bomba jeupe la plastiki, kwa kawaida la robo tatu ya inchi. Ndani ya bomba hilo pana giza, maji na vumbi, kwa hiyo ute huota na kuliziba. Mifumo mingi ina swichi yenye boya inayozima AC maji yakipanda. Mtu anaona AC imekufa, anaita fundi, na ugonjwa ni ute. Nyumba nyingine zina bomba la pili la akiba, ambalo makusudi limetokezwa juu ya dirisha au mlango ili ulione. Likianza kudondosha maji, la kwanza limeziba, na dari yako iko hatarini.

Kila mwezi msimu wa joto fanya hivi:

1. Zima AC kwenye thamostati na kwenye sakiti breka.
2. Karibu na mashine ya ndani tafuta bomba fupi lililosimama wima, lenye kifuniko. Lifungue.
3. Mimina kikombe kimoja cha siki nyeupe, kama mililita 240, uache dakika 30.
4. Fuatisha lita moja au mbili za maji, polepole, huku mtu akiangalia nje kama yanatoka.

Yasipotoka, nenda kwenye mdomo wa nje wa bomba na mashine ya kufyonza inayomeza maji, ziba pembeni kwa kitambaa, ivute dakika mbili au tatu. Mara nyingi hutoka donge la ute kahawia, na maji yanafuata kwa kishindo. Wengine hutumia klorini ya kufulia badala ya siki. Chagua moja, usizichanganye kamwe, wala usimimine moja juu ya nyingine siku hiyohiyo: zikikutana hutoa gesi ya sumu, na mashine iliyo jirani nayo inasambaza hewa nyumba nzima.

Sanduku la nje

Ndilo lenye koili ya nje, feni yake na kompresa. Kazi yake ni kutupa joto, na penye nyuzi 42 tayari inahangaika. Koili iliyovaa vumbi, pamba za miti na nyasi zilizofyekwa inaipandishia kompresa shinikizo na bili yako pamoja. Acha nafasi ya sentimita 60 kila upande na mita moja na nusu juu. Uzio wa kupendezesha uliobanwa karibu nayo ni kosa, hata kama unatia kivuli.

Kuiosha: zima breka, kisha chomoa au zima swichi iliyo kwenye kisanduku kidogo ukutani jirani nayo. Tumia mpira wa bustani wenye nguvu ya kawaida, ukianzia juu kushuka. Ukiweza kupitisha maji kutoka ndani kwenda nje ni bora zaidi, maana uchafu ulivutwa ukitokea nje. Mashine ya kuoshea magari isiguse hapo, italaza vibati vya koili na hewa haitapita tena. Mara mbili kwa mwaka zinatosha mahali pengi. Penye dhoruba za mchanga, osha baada ya kila dhoruba kubwa. Karibu na bahari, suuza kwa maji matamu kila mwezi, chumvi hula alumini.

Kifaa kinachokufa zaidi kwenye joto ni kapasita, kopo la rangi ya fedha linaloipa mota nguvu ya kuanza. Dalili yake ni sanduku la nje kunguruma huku feni imesimama, au feni inazunguka na kompresa kimya. Zima mara moja, maana kompresa inayonguruma bila kuanza inaungua. Kuna wanaosukuma feni kwa kijiti mpaka ishike, na ikishika wanaridhika, ilhali kompresa inazidi kuumia. Juu ya kopo pameandikwa kitu kama 45/5 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita): 45 ni ya kompresa, 5 ya feni. Kiwango kinachovumilika ni asilimia 5 au 6, kwa hiyo 45 ikisoma chini ya 42 imekwisha. Mpya iwe na µF zilezile. Volti 440 zinaweza kuchukua nafasi ya 370, lakini si kinyume chake. Kapasita hutunza umeme hata baada ya mashine kuzimwa, na umeme huo unaua, kwa hiyo kama hukufundishwa kuitoa chaji mwachie fundi. Ni kazi ya dakika chache na kifaa si ghali, hivyo anayesema kompresa imekufa aonyeshe kwanza kapasita inasoma ngapi. Kwenye sanduku hilohilo hukaa kontakta, swichi inayopeleka umeme kwenye kompresa na feni, na sisimizi hupenda kuingia katikati ya vyuma vyake na kuzuia mguso.

Ndani, thamostati hutumiwa vibaya kuliko kifaa kingine chochote. Mifumo mingi ina kasi moja tu: kuweka 18 hakupoozi haraka kuliko 25, kunaifanya ichelewe kuzima. Feni iwe AUTO. Ikiwa ON, baada ya kompresa kuzima itapuliza maji yaliyobaki kwenye koili yarudi chumbani kama unyevu. Ukizima AC, ngoja dakika 5 kabla ya kuiwasha tena ili shinikizo lisawazike. Na siku ya joto kuu, AC inayofanya kazi mchana kutwa bila kuzima haijaharibika lazima. Angalia ile tofauti ya nyuzi.

Dakti zikiwa darini, kumbuka dari ya nchi ya joto inaweza kufika nyuzi 60. Panda asubuhi na mapema ukiwa na tochi, tafuta viungo vilivyoachana na vumbi jeusi kwenye maungio, alama ya mvujo. Ziba kwa masitiki ya dakti, gundi nzito ya kupaka, au tepu ya karatasi ya alumini. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu hukauka na kubanduka.

Wenye split ya ukutani, yaani AC ya chumba kimoja, mambo ni mepesi: osha filta kila wiki mbili kwa maji, zikauke kivulini. Ukimulika ndani ukaona silinda ya feni imeota weusi, itisha usafi wa kina.

Upande wa joto hauna mengi mahali pa joto, ila usipuuzwe. Jaribu mfumo wiki chache kabla ya baridi. Harufu ya vumbi linaloungua siku ya kwanza hupita. Tanuru la gesi, mashine inayopasha nyumba joto kwa kuchoma gesi, likaguliwe kila mwaka, na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo karibu na vyumba vya kulala, kwani gesi hiyo haina harufu. Ukinusa gesi ya kupikia au ya tanuru, usiguse swichi, toka na upige simu ukiwa nje. Kwa pampu ya joto, yaani AC inayogeuza mzunguko wake ili ipashe joto, epuka kupandisha nyuzi nyingi kwa mkupuo: huamsha koili za umeme za akiba, AUX, na mita inakimbia.

Unapomwita fundi, mwombe aandike: jina la gesi, tofauti ya nyuzi, kipimo cha kapasita, ampea za kompresa. Gesi hazichanganywi. R-22, gesi ya mifumo ya zamani, haitengenezwi wala kuingizwa Marekani tangu 2020, hivyo mfumo wa R-22 uliokufa kompresa ni wa kubadilishwa, si wa kufufuliwa. Mashine mpya hutumia R-32 au R-454B, ambazo huweza kuwaka kidogo, na mfumo wa R-410A, gesi iliyozitangulia, haujazwi hizo. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba, tarehe na picha zikiwemo, na asome mkataba kujua filta ni za nani.

Ikifa katikati ya wimbi la joto, funga mapazia, hamishia wote kwenye chumba cha chini au cha upande usiopigwa na jua, na lowesha ngozi. Hewa ya chumba ikipita nyuzi 40 feni peke yake haipoozi, inapuliza moto mwilini. Hapo watoto wachanga, wazee na wagonjwa wapelekwe penye AC bila kumngoja fundi.