Kishikwambi au kisomaji? Namna ya kuchagua kifaa cha kusomea nyumbani

Ndugu na majirani wakinijia kuniuliza wanunue kishikwambi (tableti) au Kindle, kisomaji cha vitabu cha Amazon, mimi huwauliza kwanza: wiki iliyopita ulisoma nini? Siulizi unapenda kusoma nini, maana hapo kila mtu hujibu vitabu. Nataka kujua kilichopita machoni kweli: gazeti, mushafu wa Kurani, riwaya, notisi za shule ya mtoto, hati za kazini. Ukishayataja hayo, nusu ya uamuzi umekwisha kabla hujatia mguu katika duka lolote la Barabara ya Digo hapa Mombasa.

Kwetu tunaishi watu wa rika zote chini ya paa moja: mama mkwe wangu, mume wangu anayevuka Likoni kwenda kazini, watoto wa shule, na mimi mwalimu wa Kiswahili. Vifaa vyote viwili vimo ndani, na kila kimoja kina watu wake.

Ukurasa ulioganda na maandishi yanayojipanga

Jua kwanza aina ya faili zako. PDF ni ukurasa ulioganda: kilichopangwa kwa karatasi ya A4 kitabaki na umbo la A4 hata ukikifungua kwenye kioo cha inchi 6. EPUB ni maandishi yanayojipanga upya. Ukiongeza ukubwa wa herufi, mistari inahama na kurasa zinaongezeka. Visomaji vingi, yaani Kindle, Kobo na wenzao wenye kioo cha wino wa kielektroniki, vina inchi 6 au 7. Riwaya ya EPUB humo ni raha tupu. PDF ya A4 humo ni mateso: unakuza, unasogeza kulia, unarudi kushoto, unashuka, na kila ukisogeza kioo kinasita kwanza ndipo kichore upya.

Kwa hivyo gazeti la PDF, kitabu cha kiada, mitihani ya miaka iliyopita na miongozo ya kazi yenye majedwali, vyote hivyo ni vya kishikwambi, na kiwe cha inchi 10 au 11. Cha inchi 8 kinashikika vizuri mkononi lakini kwa PDF bado kinabana.

Mfano ninaoutoa sana ni wa mushafu. Ami yangu husomesha chuo cha Kurani, na alipotaka kifaa cha kupitia hifdhi yake, yaani alichokihifadhi kwa moyo, akiwa safarini, watu walimsukuma kwenye kisomaji kwa kuwa hakichoshi macho. Nilimkataza. Mushafu wa Madina una kurasa 604, karibu zote zina mistari 15, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Mwenye kuhifadhi anaikumbuka aya pamoja na pahali pake: juu kabisa ya ukurasa wa kulia, au mstari wa tatu kutoka chini upande wa kushoto. Ukimpa maandishi yanayojipanga upya, umemvurugia pahali pote alipozoea. Anataka ukurasa mzima, kwa umbo lake, usomeke bila kukuzwa. Na kama amezoea mushafu wenye rangi za tajwidi, zinazoonyesha kanuni za kusoma, anataka na rangi zake. Alichukua kishikwambi cha inchi 11. Akikisimamisha wima, ukurasa unaenea wote.

Viko visomaji vyenye rangi siku hizi, Kobo walitoa vyao mwaka 2024 na Amazon wakafuata mwaka huohuo na Kindle Colorsoft. Lakini rangi zake ni za kufifia, na sehemu ya rangi ina nukta 150 kwa inchi wakati maandishi meusi yana 300. Kwa jalada la kitabu na mistari ya kupigia alama inatosha. Kwa mushafu wa rangi au kitabu cha picha cha mtoto, mimi sikushauri.

Jua, usiku na stima

Kioo cha kishikwambi kina mwanga wake, unakujia moja kwa moja machoni. Kioo cha wino kimejaa vidonge vidogo mno, na ndani ya kila kidonge mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Hapo ndipo ilipo siri ya betri yake kudumu. Na kwa kuwa chembe hizo huonekana kwa mwanga unaozipiga, jua likizidi kuwaka herufi huzidi kukolea, kama karatasi.

Lijaribu hili dukani kabla ya kutoa pesa. Omba ukisogeze kifaa mlangoni, jua la saa sita likipige. Kwenye kishikwambi, hasa cha bei nafuu, utaona uso wako na waya za stima zilizo juu yako, na maandishi utayatafuta. Mume wangu husoma akisubiri feri, kwenye ule mwanga unaorudi kutoka baharini, na pale kisomaji hakina mpinzani. Isitoshe, mkono mmoja umeshika mfuko: Kindle Paperwhite ya mwaka 2021 ina gramu 205, ilhali kishikwambi cha inchi 11 kama Galaxy Tab A9+ kinakaribia gramu 480. Uzito huo hutauhisi dukani. Utauhisi baada ya nusu saa, umesimama.

Betri nayo soma masharti yake. Amazon huitangaza Paperwhite hiyo kuwa hukaa hadi wiki 10, lakini hesabu yao ni nusu saa ya kusoma kwa siku, intaneti imezimwa. Anayesoma saa tatu kila siku atapata kama siku kumi na moja au mbili. Bado ni nyingi! Kishikwambi kizuri hukaa saa kama 10 za matumizi, na hizo huliwa na video za watoto kabla hujafungua ukurasa. Stima ikipotea usiku kucha, kisomaji hakina habari.

Joto pia lina neno lake. Apple wanasema iPad itumiwe pahali pasipozidi nyuzi 35, na Februari na Machi hapa pwani, kifaa kikiwa dirishani au ndani ya gari, hupita hapo bila shida. Kikichemka kioo hufifia chenyewe, kisha huzima. Usikiache kwenye dashibodi hata kwa dakika za kuingia sokoni Kongowea na kutoka.

Kwa wapendao kusomea ufukweni: si kila kisomaji kinastahimili maji. Kindle ya kawaida, ile ya bei ya chini, haistahimili. Paperwhite imepimwa kukaa mita 2 ndani ya maji baridi kwa dakika 60, lakini kwa maji ya bahari ni robo mita tu kwa dakika 3. Ikiguswa na maji ya chumvi, isuuze kwa maji ya mfereji, ikauke kabisa ndipo uichomeke chaja. Hata isipoanguka majini, hewa yetu ina chumvi, na tundu la chaja ndilo huanza kuliwa. Kifaa kikae ndani ya kava, kava liwe ndani ya droo, si juu ya kingo za dirisha linalotazama bahari.

Nani atakitumia

Mama mkwe wangu amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kila mtu alidhani kisomaji kitamfaa, na kweli herufi zake huweza kukuzwa sana. Lakini kioo cha wino kina weupe wa kijivukijivu, na jicho lisilotofautisha vizuri weupe na weusi linataka zaidi ya hapo. Kwenye kishikwambi tumemwekea herufi nyeupe juu ya weusi, kubwa, na anasoma peke yake bila kumwita mtu. Tena Android ina sauti ya Kiswahili ya Google, kwa hiyo macho yakichoka anasomewa. Kama una mzazi mwenye shida ya macho, usinunue kwa kuambiwa; mkalishe mbele ya vyote viwili, aseme mwenyewe.

Watoto wanahitaji kishikwambi kwa kazi za shule, hilo halikwepeki. Mtaala wa sasa una kazi za picha, video na kutafuta mambo mtandaoni. Wadogo wana hadithi za bure za African Storybook, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, na zile picha zake zataka rangi kamili. Lakini ukitaka mtoto asome kitabu kirefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, usimpe kishikwambi. Nasema hivi kama mwalimu. Katuni iko mguso mmoja tu kutoka kwenye ukurasa wa kitabu, na mtoto wa miaka kumi hawezi kuachiwa vita hivyo apigane peke yake. Binti yangu hupewa kisomaji baada ya isha, waifai imezimwa, na humo hamna kitu kingine cha kufanya ila kusoma. Hili kwangu ndilo linalokipa kisomaji thamani yake kubwa, kuliko betri na kuliko jua.

Mtu mzima naye atajua hali yake. Kama ukifungua kitabu kwenye simu unajikuta WhatsApp kabla ya kumaliza ukurasa, kisomaji kitakurudishia kusoma.

Vitabu utavipata wapi

Hapa wengi hawaulizi mpaka pesa zimekwisha toka. Riwaya nyingi za Kiswahili bado hupatikana kwa karatasi tu. Kama kusoma kwako ni riwaya na tamthilia za Kiswahili peke yake, kisomaji kitakaa na njaa, na pesa hizo afadhali uzipeleke duka la vitabu. Anayesoma na Kiingereza ana bahari nzima: Project Gutenberg pekee ina makumi ya maelfu ya vitabu vya zamani bila malipo, vikiwa EPUB. Kamusi ya kugusa neno ukapata maana yake ipo pia, lakini hizo zinazokuja na kifaa hazina ya Kiswahili.

Kununua vitabu kwa Amazon unahitaji kadi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyotoka mwaka 2022 kwa ushirikiano na Visa, inafanya kazi hiyo bila kwenda benki. Faili zako mwenyewe unazituma kwa Kindle kupitia huduma yao ya Send to Kindle, na EPUB inapokewa. Kobo huifungua EPUB moja kwa moja ukiihamisha kwa waya. Kwenye kompyuta weka Calibre, programu ya bure, ikupangie maktaba na kugeuza aina za faili. Jambo moja la kuzingatia: mwishoni mwa Februari 2025, Amazon waliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta kitabu ulichokinunua kwao ili ukihamishe kwa waya. Anayetaka vitabu vyake vikae mkononi mwake kweli, aiangalie Kobo kwanza.

Kwenye kishikwambi cha Android, ReadEra ni ya bure, haina matangazo, na inafungua EPUB na PDF. Ianze hata kwenye simu yako leo, usome kitabu kimoja chote, ndipo uamue kama unahitaji kifaa kingine.

Uamuzi na dukani

Nyumba yenye pesa za kifaa kimoja tu, na watu wengi, inunue kishikwambi cha inchi 10 au 11. Nyumba ambayo tayari ina kishikwambi au simu kubwa, na ndani yake yumo mtu anayemaliza vitabu, kifaa cha pili kiwe kisomaji, wala si kishikwambi kingine. Kwa bei, Kindle ya kawaida ilitoka mwaka 2024 kwa dola 110 hivi Marekani na Paperwhite kwa 160. Ongeza usafirishaji na ushuru, na VAT yetu ya asilimia 16, ndipo ulinganishe na anachokutajia mwenye duka. Hapo utajua kama anakuuzia au anakukamua.

Vya mitumba ni vingi mjini na vingine ni vizuri. Kisomaji cha zamani kiulizie taa, kwani taa ya ndani kwenye Kindle ilikuja na Paperwhite ya mwaka 2012. Vilivyotangulia havina, na utavisoma chini ya balbu. Geuza kurasa kadhaa ukitazama kioo: mstari usiobadilika, au doa linalobaki palepale kila ukurasa, maana yake kioo kimepasuka ndani na hakitengenezeki kwa bei ya maana. Kioo cha wino hakipendi kukandamizwa, na wengi huviua ndani ya mkoba.

Kisha muombe muuzaji afute kila kilichomo kwenye kifaa mbele yako, nawe ukiunganishe na intaneti ya simu yako na kukisajili kwa akaunti yako hapohapo. iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe itakudai nenosiri lake na bila hilo haifunguki. Android nayo hivyohivyo, na Kindle iliyoripotiwa kuibwa haikubali kusajiliwa. Akikwambia ukafanye hayo nyumbani, mrudishie kifaa. Akikubali na kikasajilika, mwambie aandike kwenye risiti nambari tambulishi iliyo kwenye mipangilio ya kifaa, ile ya sandukuni usiitegemee.