Kabla ya kuomba nafasi Kenya School of Law, tandaza vyeti mezani

Wewe uliyemaliza shahada ya sheria na sasa unaikodolea macho Karen, mtaa wa Nairobi iliko shule hiyo ya kuwaandaa mawakili, usikimbilie fomu. Toa kwanza kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne) na cha shahada, uvipange mezani, kisha usome jina lako herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna jina la ubatizo kwenye cheti kimoja na halipo kwenye kingine, au jina la baba limeandikwa kwa "w" huku na kwa "u" kule. Shuleni hakuna aliyejali. Kwenye ombi la kusomea uwakili, tofauti hiyo inaweza kuzua maswali.

Ikiwa ni tahajia tu, mara nyingi hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo hutosha, na katikati ya jiji hukosi wakili wa kukugongea muhuri. Ikiwa jina lenyewe lilibadilika, hapo unahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, na hiyo si kazi ya siku moja. Ianze mapema. Nakala za vyeti nazo zithibitishwe siku hiyohiyo, uokoe nauli.

Aliyesomea sheria Uganda au Tanzania ana hatua nyingine pia: shahada itambuliwe na Baraza la Elimu ya Sheria la Kenya.

Na mdogo wako aliye kidato cha nne? Shahada ya sheria hudai C+ ya jumla pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili kile anachokidharau.