Somo: Mimea ya kudumu ya kingo za bustani, kwa mchanga wetu wa Kusini

Wengi huchagua mimea ya kingo mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechanganya na kila kitu kinachanua. Mimi nawaomba mchague mwezi wa tisa. Huku Mtwara na Lindi msimu wa mvua ni mmoja: huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili au Mei, kisha ni jua tu. Mmea mtakaoukuta Septemba umesimama kijani kwenye ua wa mtu asiyemwagilia, huo ndio wa kuombea mbegu.

Hatua ya 1. Pima udongo. Chimba shimo la futi moja, mimina ndoo ya maji. Yakinyweka papo hapo, una mchanga mtupu kama wa Shangani, pwani ya Mtwara. Yakilala mpaka kesho, inua tuta kwanza, la sivyo shubiri (aloe vera) itaoza.

Hatua ya 2. Chagua mmea. Mimi naanza na mchaichai, na sioni wa kuushinda. Mizizi yake hushika mchanga usizolewe na mvua, na chai ya jioni iko mlangoni. Ila hufika mita moja na majani yake hukata ngozi, kwa hiyo usiuweke kwenye kijia chembamba wanapopita watoto. Acha nusu mita kati ya shina na shina. Kila baada ya miaka 2 au 3 ng'oa, gawa, panda upya. Katikati ya kichaka kikongwe hukauka.

Kijia chembamba kipe vinka, yale maua ya pinki na meupe ya petali tano yanayojiotea hata kwenye nyufa za saruji. Asili yake ni Madagaska, kiangazi chetu anakifahamu. Nafasi sentimita 30. Mbuzi humwacha kwa uchungu wake. Penye jua kali na mchanga mtupu weka shubiri, sentimita 40. Itazaa watoto pembeni, utagawia majirani.

Hatua ya 3. Panda. Mvua ya kwanza hudanganya; subiri udongo ulowe hadi kina cha kiganja. Vuta kamba, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza makumbi ya nazi uliyoyaloweka. Maganda ya korosho usiyatumie: mafuta yake huunguza ngozi, na hapo utapalilia kwa mikono.

MASWALI YA WANACHAMA

Newala: Shikamoo mwalimu. Maji huku tunanunua. Nikipanda Machi itafaa?

Marahaba. Machi umechelewa, mizizi haitapata muda wa kushuka, nawe utanunua maji mpaka Novemba. Panda Desemba au Januari. Kama miche unayo tayari, itunze kwenye makopo kivulini, uimwagilie maji uliyooshea mchele.

Mikindani: Bibi anataka ning'oe mchaichai, eti unaita nyoka. Ni kweli?

Mchaichai wenyewe haumwiti nyoka. Lakini kichaka kilichoachwa na majani makavu chini ni nyumba ya panya, na nyoka hufuata panya, kwa hiyo bibi hajakosea sana. Kata mara mbili kwa mwaka, bakiza sentimita 20, ondoa makavu yote. Ukiweza kuona ardhi kati ya mashina, mwonyeshe bibi, atakubali.

Lindi: Mwalimu, jirani yangu anachuma vinka wangu, anachemsha kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Nimruhusu?

Hapana, tafadhali. Vinka ana sumu. Ni kweli hutoa dawa, vinkristini na vinblastini, lakini hizo ni za saratani, hutolewa hospitali kwa kipimo na uangalizi mkali. Sufuria haina kipimo hicho. Zungumza naye kwa upole, aende kituo cha afya. Na wewe ukipogoa, nawa mikono kabla ya kushika chakula.