Kontrasti ya kunywa kwa MRI ya utumbo: kuichanganya, kuinywesha na kuokoa picha

Utumbo mwembamba usio na kitu ndani hulala bapa, kuta zikigusana. Ukiupiga picha katika hali hiyo, ukuta mzima huonekana mnene, na ukuta mgonjwa huonekana vivyo hivyo. Mpira wa baiskeli usio na upepo hauonyeshi tundu. Ndiyo maana kabla ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ya utumbo mwembamba mgonjwa hunyweshwa lita 1 hadi 1.5 za kiowevu cha kuutanua, yaani kontrasti ya kunywa. Mashine ya tesla 3 haiwezi kufidia kinywaji kilichochanganywa vibaya au kilichonywewa kwa kuchelewa. Picha zikitoka mbovu, chunguza kikombe kwanza, halafu ndipo uguse mipangilio ya mashine.

Kwa rangi peke yake, maji ya kawaida yangetosha: kwenye picha za T1 ni meusi, kwenye T2 ni meupe (hizo ni aina mbili kuu za picha za MRI), na ukuta wa utumbo hujitokeza katika zote mbili. Tatizo ni kwamba mwili huyafyonza njiani. Yakifika mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na mlango wa utumbo mpana, yamebaki kidogo mno, na hapo ndipo ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) na kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa. Kwa hiyo tunaongeza kitu kinachoyashika maji yasifyonzwe: manitoli, sobitoli, au PEG, ile ya pakiti za kusafishia utumbo kabla ya kolonoskopi (kuchungulia utumbo mpana kwa kamera). Zote tatu zinafanya kazi. PEG hupita haraka zaidi na ladha yake ya chumvichumvi huwashinda wengi. Sobitoli haimfai mtu mwenye tatizo la kurithi la kutovumilia fruktosi. Sisi tunapendekeza manitoli kwa sababu nyepesi: hospitali yoyote inayotibu majeraha ya kichwa huwa nayo tayari, kwenye chupa za dripu.

Katika miaka ya 1990 ziliuzwa bidhaa maalumu za kunywa kwa ajili ya MRI, kama GastroMARK yenye chembe za chuma na Imagent GI yenye perflubroni. Zilifanya utumbo uwe mweusi, zilikuwa ghali, na zimeshatoweka sokoni. Kwa kazi ya utumbo mwembamba hazikuacha pengo. Vinywaji vinavyoufanya utumbo uwe mweupe kwenye T1 ndivyo vya kuepuka zaidi: ukishachoma gadoliniamu (kontrasti ya sindano ya mshipa), ukuta wenye uvimbe hung'aa, na kama kilichomo ndani nacho kinang'aa, huwezi kujua ukuta umeishia wapi.

Kuchanganya

Lengo ni manitoli asilimia 2.5 hadi 3. Chupa ya mililita 500 ya manitoli asilimia 20 ina gramu 100. Kwa mtu mzima, mililita 1500 za asilimia 3 zinahitaji gramu 45, yaani mililita 225 kutoka kwenye chupa hiyo, kisha ongeza maji safi ya kunywa mililita 1275. Chupa moja hutosha wagonjwa wawili wa siku hiyohiyo. Ukitaka asilimia 2.5, chukua mililita 188 na ujazie maji hadi 1500.

Soma lebo mara mbili. Kuna chupa za asilimia 10 pia, na kwa hizo kipimo ni mililita 450 za manitoli na maji 1050. Aliyezoea asilimia 10 akimimina mililita 450 kutoka chupa ya asilimia 20, mgonjwa anapata asilimia 6, na hesabu inageuka. Kwa makadirio, gramu 45 za manitoli huweza kushika kiasi cha mililita 850 za maji ndani ya utumbo. Ziada hufyonzwa taratibu bila madhara. Gramu 90 hushika takriban mililita 1700, yaani zaidi ya zile alizokunywa, na tofauti hiyo inavutwa kutoka mwilini mwake. Matokeo ni tumbo kukata, kuharisha mfululizo na kizunguzungu. Manitoli ya chupa isiyochanganywa isinywewe kabisa.

Manitoli ya asilimia 20 huganda chembechembe ikipata baridi. Dar es Salaam au Mombasa huenda usilione hilo, lakini Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, au chupa ikitoka kwenye friji, utakuta fuwele chini. Usiimimine hivyo, maana sehemu ya dawa itabaki chupani na mchanganyiko utakuwa dhaifu. Tumbukiza chupa kwenye maji ya moto, itikise hadi fuwele zote ziyeyuke, iache ipoe, ndipo upime.

Baada ya kuchanganya, koroga polepole. Usitikise: povu ni hewa, na viputo vya hewa huacha madoa meusi kwenye picha, hasa zile za haraka ziitwazo TrueFISP au FIESTA, kutegemea mtengenezaji wa mashine. Kwa sababu hiyohiyo, soda hapana. Kinywaji ni kitamu chenye utelezi. Kikipoa kwenye friji hunyweka vizuri zaidi, na ndimu kidogo hukata utamu. Juisi ya matunda usiongeze, hasa ya nanasi. Sababu yake iko mbele.

Kabla ya kikombe cha kwanza

Muulize mgonjwa kuhusu kutapika, tumbo kujaa na kukosa choo au hewa. Ukihisi utumbo umeziba, simamisha zoezi na umwite daktari: kimiminika kilichokwama nyuma ya kizuizi tayari ni kontrasti ya kutosha, na kuongeza lita nyingine ni kumwumiza. Anayeshukiwa kutoboka utumbo asinyweshwe. Mwenye moyo au figo dhaifu, au aliyekwisha kuharisha hadi kukauka, aamuliwe na daktari kwa kiasi kilichopunguzwa.

Chakula kisitishwe saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Maji kidogo ya kumezea dawa hayana shida. Mgonjwa wa kisukari apangiwe mapema asubuhi, na dozi yake ya asubuhi ijadiliwe na daktari siku moja kabla, si mlangoni. Wakati wa Ramadhani mwambie mgonjwa waziwazi anapopewa miadi kwamba kinywaji hiki kinafungua saumu, ili achague ama kula siku hiyo na kuilipa baadaye, ama miadi ya usiku baada ya futari, saa kadhaa zikiwa zimepita tangu ale.

Ratiba ya vikombe

Wengi huharibu hapa. Mgonjwa hupewa chombo cha lita moja na nusu, anaambiwa "kunywa taratibu", na nusu saa baadaye ameonja tu. Kisha anaharakishwa na kuimaliza kwa dakika 10. Picha zinaonyesha tumbo limefura na utumbo mtupu.

Tumia vikombe 10 vya mililita 150, kimoja kila dakika 5. Kipimo kikiwa saa 4:00 asubuhi, kikombe cha kwanza ni saa 3:00 kamili na cha tisa ni saa 3:40. Cha kumi kimsubiri mlangoni mwa chumba cha mashine, saa 3:50 hadi 3:55. Hicho ndicho kinachojaza tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mtu mmoja, muuguzi au radiografa, apewe jukumu la kusimamia na kuandika muda wa kila kikombe. Katikati ya vikombe mgonjwa atembee badala ya kulala. Akianza kichefuchefu, mpe mapumziko ya dakika 5 na uendelee kwa nusu kikombe. Lita moja iliyonywewa kwa mpangilio ni bora kuliko lita moja na nusu iliyotapikwa.

Kwa watoto hesabu mililita 20 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 25 anakunywa mililita 500, kwa vikombe vidogo na muda uleule.

Jambo moja la uongozi wa idara: vikombe visianze mpaka mashine ithibitishwe iko huru. Dharura ikiingia na mgonjwa akakaa saa nzima baada ya kumaliza, kinywaji kitakuwa kimehamia utumbo mpana.

Akiwa kwenye mashine

Mlaze kifudifudi kama anaweza. Mikunjo ya utumbo hutandazika na unene wa tumbo hupungua. Mwenye maumivu, stoma (tundu la utumbo lililofunguliwa tumboni) au mimba alale chali.

Utumbo unaocheza hutia ukungu kwenye picha. Hyoscine butylbromide (Buscopan) miligramu 20 kwa mshipa, ichomwe polepole. Idara nyingi huigawa, 10 mwanzoni na 10 kabla tu ya gadoliniamu. Vidonge havisaidii hapa kwa kuwa hufyonzwa kidogo mno. Usimpe mwenye glakoma ya pembe finyu isiyotibiwa, mayasthenia gravisi (ugonjwa wa kulegea misuli), mapigo ya moyo ya kasi yasiyo ya kawaida au mkojo uliozuiwa na tezi dume. Mwambie kwamba macho yanaweza kuona ukungu kwa muda, na asiendeshe gari wala bodaboda mpaka yatulie. Badala yake kuna glukagoni miligramu 0.5 hadi 1 kwa mshipa. Ikisukumwa haraka humtapisha mtu, na lita na nusu tumboni zinarudi juu.

Piga kwanza picha moja ya haraka ya T2 iliyosimama, kutoka mbele hadi nyuma ya tumbo, na uiangalie kabla ya kuendelea. Swali ni moja: kiowevu kimefika mwisho wa utumbo mwembamba? Kama ndiyo, endelea na kila kitu bila kuchelewa.

Gadoliniamu ni milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa dawa za nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita hiyo ni mililita 0.2 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anapata 12. Gadobutrol ina nguvu mara mbili, kwa hiyo yeye anapata 6. Picha za T1 zipigwe takriban sekunde 45 na tena sekunde 70 baada ya sindano. Figo zikiwa na eGFR (kipimo cha uwezo wa kuchuja damu) chini ya 30, daktari wa radiolojia aamue.

Picha zikikataa

Tumbo limejaa, utumbo wa mwisho mtupu: mgonjwa alichelewa kuanza au alikunywa yote kwa pupa. Mtoe, mlaze ubavu wa kulia dakika 10, kisha atembee kidogo. Daktari akikubali na hakuna kizuizi, metoclopramide miligramu 10 husaidia tumbo kumwaga. Rudia picha ya haraka.

Utumbo mpana umejaa, utumbo mwembamba umesinyaa: mlichelewa nyinyi. Ongeza mililita 300 hadi 500 na umlaze mara moja. Mwanzo wa utumbo mwembamba husinyaa kirahisi hata mambo yakienda sawa, na ukisinyaa huonekana mnene na hung'aa zaidi baada ya gadoliniamu. Ripoti nyingi za "uvimbe" wa eneo hilo ni utumbo ambao haukujaa. Usiseme una ugonjwa mpaka uuone umetanuka kwenye angalau seti moja ya picha.

Madoa meusi katikati ya kiowevu cheupe kwenye HASTE au SSFSE (picha za haraka za T2) mara nyingi ni mwendo wa kiowevu chenyewe. Linganisha na TrueFISP: doa likitoweka, halikuwa kitu. Likibaki kwenye aina zote mbili za picha, fikiria kiputo, chakula au uvimbe kweli. Kiputo huelea upande wa juu wa mgonjwa alivyolala, na huonekana kikubwa zaidi kwenye TrueFISP.

Baada ya kipimo, mgonjwa akae karibu na choo angalau nusu saa kabla ya kupanda daladala au matatu, na anywe maji ya kutosha. Kuharisha kwa saa chache ni kawaida. Kitu kimoja kiandikwe kwenye faili lake kwa herufi kubwa: AMEKUNYWA MANITOLI. Bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa gesi ya hidrojeni, na methani kwa baadhi ya watu. Cheche ya kifaa cha umeme cha kukatia au kuchomea wakati wa kolonoskopi imewahi kulipua utumbo wa mgonjwa aliyesafishwa kwa manitoli. Kolonoskopi ya kukata isifanywe siku hiyo, na ikija baadaye utumbo usafishwe upya kwa PEG.

Nanasi na mirija ya nyongo

Kwenye MRCP, yaani MRI ya mirija ya nyongo, mahitaji yanageuka. Hapa tunataka nyongo tu ing'ae, na kiowevu cha tumboni na kwenye duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) kinaifunika. Juisi ya nanasi ina manganizi, inayofupisha T2 kiasi kwamba katika picha za MRCP juisi hugeuka nyeusi. Kwenye T1 manganizi hiyohiyo hung'aa, ndiyo maana juisi hii imekatazwa huko juu.

Mgonjwa afunge kwa muda wa saa 4 hadi 6, kisha anywe mililita 300 hadi 400 dakika 10 hadi 15 kabla ya picha. Juisi iwe halisi asilimia 100. Pakiti zilizoandikwa "nekta" au "kinywaji" zimezimuliwa. Ukikamua nanasi mwenyewe, chuja nyuzi na uiache itulie mpaka povu la blenda liishe.

Manganizi hutofautiana kati ya nanasi na nanasi, pakiti na pakiti, kwa hiyo usiamini lebo. Weka vikombe viwili vya plastiki vyenye mifuniko, kimoja cha maji na kimoja cha juisi, kwenye koili ya kichwa (kifaa cha kupokea mawimbi kinachovishwa kichwani), piga picha moja ya MRCP ya bamba nene. Maji yatang'aa. Juisi ikiwa nyeusi kabisa, nunua ya aina hiyo; ikiwa ya kijivu, tafuta nyingine. Mililita 400 zina sukari ya gramu 40 hadi 50 hivi, basi kwa mwenye kisukari anza na 200, piga picha ya haraka, na uongeze tu kama duodenamu bado inang'aa.